Mbwa Asiyekua

Labda katika watoto wa mbwa wako wa jamii ya German Shepherd yumo mmoja asiyekua. Ndugu zake wamekufikia magotini. Yeye angali na manyoya mororo ya utotoni, kisha yanapukutika na ngozi inakuwa nyeusi. Usiseme amerogwa.

Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wake haitoi homoni za kutosha za kukuza mwili. Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walieleza kasoro inayouleta. Baba na mama huonekana wazima kabisa, kumbe kila mmoja ameibeba, na kwa wastani mtoto mmoja katika wanne huugua. Basi wazazi hao usiwapandishe tena pamoja. Ndugu wazima nao waweza kuwa nayo, hivyo mnunuzi aambiwe kweli. (Uongo wa sokoni ni dhambi, hata bidhaa ikiwa na mkia.)

Naye mgonjwa? Mpeleke kwa bwana mifugo. Mara nyingi tezi ya shingoni nayo hudhoofu, na vidonge vya kila siku humchangamsha, ijapokuwa harefuki. Usiku mlaze penye joto, maana manyoya hana.