Ndoto ya mzazi isimtoe mtoto shuleni

Hapa Kobero mama mmoja mchuuzi amemwachisha binti yake darasa la sita kwa sababu ya ndoto. Aliota mtoto anakimbia porini peke yake, anamwita, hageuki.

Simcheki. Sisi tuliosomea ukimbizini Mtabila, kambi iliyofungwa mwaka 2012, tunaijua ndoto hiyo. Vita vilivyoanza 1993 viliwapoteza watoto wengi njiani, na waliopitia vita huota majinamizi kuliko wengine. Lakini hayo ni ya mzazi. Binti alizaliwa baada ya kurejea. Pori lile hajawahi kuliona.

Sasa, kwa kumlinda, mama anashinda naye mpakani akibeba mizigo katikati ya malori. Jamani, hatari ni ipi hapo?

Wazazi wenzangu, ukiota vibaya mwamshe mwanao, mwulize habari za shule. Ukiihofia njia, msindikize, hata mkipokezana na majirani. Na ndoto isipokwisha, nenda kituo cha afya ukaeleze, si aibu.

Dawati la binti yule bado liko wazi. Mama yake nimemwambia hivyo mara mbili sokoni, na Jumatatu nitamwambia tena.