Mgeni Ale Wapi Kigoma?

Mama mkwe alipotutembelea, baba watoto alitaka tumpeleke hotelini kula kuku na chipsi. Nilikataa, kuku amewaacha kwake! Tulimpeleka kwa mama lishe karibu na mwalo wa Kibirizi, akala mgebuka wa kukaanga kwa mawese na ugali wa muhogo. Alinyonya mifupa kimya, kisha akaomba mwingine. Yeye aliyekuwa akiniita “huyo mke wenu” akaniambia, “Mwanangu, kula.”

Lakini angalieni mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti sana, na bei hupanda. Ulizeni pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Siku hizo, mpikieni maharage ya Kasulu nyumbani.