BREKI YA RILI: UKIBANA SANA UMEUMIA, UKILEGEZA SANA UMEUMIA

Hapa Makambako baridi ni ile ile, sweta juu ya sweta, na malori yamepanga foleni kama kawaida yake. Leo nawashusha baharini. Msicheke! Najua mtasema mtu wa Makambako na bahari wapi na wapi, maana kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Lakini vijana wa Njombe wanashuka pwani kila siku kutafuta maisha, na wapo wanaoangukia kwenye boti zinazopeleka watalii kuvua kwa fimbo. Kule ukiambiwa "legeza breki" wewe ukakaza, kibarua kimeota nyasi siku hiyo hiyo.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye amekuwa utingo wa lori kwa miaka mitatu. Sasa kapata dili Unguja: wiki mbili za majaribio kwenye boti ya kuvulia. Akifaulu anaajiriwa, akichemsha anarudi kulala juu ya turubai. Kanijia na swali moja tu: "Kaka, hivi breki ya rili ndiyo kitu gani? Wameniambia niijue kabla sijapanda." Mimi niliwahi kukaa Msasani nikibeba barafu na chambo kwenye boti za namna hiyo, kwa hiyo nikaona swali lake tulimalize hapa hadharani, wafaidike wengi.

Tuanze na cherehani. Mtazame fundi nguo pale barazani. Uzi wake unapita katikati ya visahani viwili vidogo vinavyobanwa na springi na nati. Hiyo ndiyo tensheni. Akiikaza sana uzi unakatika, akiilegeza sana mshono unaachia. Basi, rili ya baharini ndani yake ni hivyo hivyo, ila kwenye rili nyingi visahani ni vingi, vimepangana kama chapati kwenye hotipoti. Vingine vimeshikana na bobini ya mshipi, vingine vimeshikana na ekseli. Ukivibana, bobini inazunguka kwa shida. Ukiviachia, inazunguka kirahisi. Wenyewe wanaiita dragi.

Kazi ya breki hiyo si kumsimamisha samaki. Nduwaro anaweza kuzidi kilo 200, utamsimamisha na nini? Kazi yake ni kumwachia mshipi kidogo kidogo huku akiulipia kwa jasho, mpaka achoke. Wavuvi wa Ludewa kule Ziwa Nyasa wanaovua kwa mshipi wa mkono wanalijua hilo tangu mababu: kiganja ndiyo breki yao.

Zamani hata hizo rili zilikuwa za mateso. Mvuvi alibana bobini kwa dole gumba juu ya kipande cha ngozi, na samaki akikimbia mkono wa rili unazunguka kinyumenyume na kuvunja vidole vya watu. Mwaka 1913, huko Catalina, California, William Boschen alimtoa samaki mwenye pua ya upanga kwa kutumia rili yenye breki ya ndani, iliyotengenezwa na Julius vom Hofe. Tangu hapo mambo yakabadilika. Wakati Ernest Hemingway anavua pwani ya Kenya mwaka 1934, wengi hawakutegemea tena dole gumba.

Sasa inabanwa kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanachemsha. Mishipi hii inapimwa kwa uzito unaoikata. Ipo ya kilo 10, 15, 24, 37 mpaka 60. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kubana robo hadi theluthi ya uzito huo. Mshipi wa kilo 24, breki iwe kilo 6 hadi 8. Wa kilo 37, iwe kama 9 hadi 12. Utauliza, mbona tunaacha nguvu nyingi hivyo? Kwa sababu mafundo mengi yanapunguza nguvu ya mshipi, pete za fimbo zinausugua, na maji yenyewe yanauvuta. Wahenga walishasema kamba hukatikia pembamba.

Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Chukua mizani ya kuning'iniza, hii hii ya wauza nyama. Rili nyingi kubwa zina mkono wa breki wenye vituo vitatu: huru, kituo cha kumpiga samaki, na mwisho kabisa. Weka kwenye kituo cha pili, funga mshipi kwenye mizani, vuta taratibu, na soma wakati bobini inazunguka. Kama hukupenda namba, rudisha mkono kwenye huru kwanza, ndipo ugeuze kitufe cha kurekebishia, halafu upime upya. Tulijaribu na dogo nyuma ya gereji moja hapa mjini kwa rili kuukuu. Dereva mmoja mwenye mikono kama magogo akavuta, akasema kwa majigambo, "Hii kilo kumi na tano!" Mizani ikasema saba. Mkono unadanganya, jamani.

Dogo akauliza swali la maana: "Sasa kaka, samaki akikimbia na mshipi karibu wote, si ndiyo nikaze?" Hapana! Hapo ndipo wengi wanapopoteza samaki, wateja na kazi. Wale mliosoma fizikia mnakumbuka momenti. Bobini ikiwa imejaa, mshipi unavuta ukiwa mbali na ekseli. Ukipungua, unavuta ukiwa karibu, na nguvu inayotakiwa kuizungusha inapanda, ingawa hujagusa kitu. Tuseme bobini iliyojaa ina sentimita 5 kutoka katikati hadi kwenye mshipi, na umepima kilo 8. Zikibaki sentimita 2 na nusu, breki ile ile sasa ni kilo 16! Ongeza fundo, ongeza maji, ongeza fimbo iliyopinda, halafu wewe na kiherehere chako ukaze tena. Paah! Umebaki na fimbo. Hapo dawa ni kulegeza kidogo, na nahodha ageuze boti amfuate samaki.

Jambo jingine ni ulaini. Breki inayoganda kwanza halafu ikaachia kwa kushtuka inakata mshipi hata kama namba zako ziko sawa. Ndiyo maana visahani havitakiwi kuwa na kutu wala mchanga. Na samaki akikimbia mbio ndefu visahani vinapata moto, kama breki za lori linaloshuka Kitonga kwa dereva asiyejua gia. Mkirudi bandarini, ioshe rili kwa maji baridi kidogo kidogo, usiipige kwa presha, ikaushe, na uache mkono kwenye huru. Ukiiweka stoo imebanwa, visahani vinajikandamiza na siku ya kazi vinakusaliti.

La mwisho si la kuchekea. Usijizungushie mshipi mkononi hata mara moja, eti unamsaidia mteja. Samaki akigeuka ghafla, kidole kinakwenda, au unakwenda mzima mzima. Wapo mabaharia wanaoshika mshipi ule wa mwisho karibu na boti, lakini wana glavu maalumu na wamefundishwa. Wewe wa wiki ya kwanza kaa pembeni, tazama, uliza. Vilevile, breki ya kilo 20 inaweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama vibaya wakati boti inayumba. Ukiona mgeni anataka kukaza zaidi kwa sifa, mwambie nahodha kiroho safi. Mteja akikununia, hasira zitaisha. Mteja akianguka majini, hiyo ni kesi.

Kwa hiyo vijana wangu wa Makambako, Njombe, Wanging'ombe na Ludewa mnaoelekea Unguja, Mafia au Dar: pima kwa mizani, usikaze kwa hofu, legeza bobini ikipungua, na linda vidole vyako, maana hata huku viazi vinachimbwa kwa vidole. Na wewe mwenye mchumba unayembana kila dakika ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, hebu isome tena ile aya ya bobini.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Vaeni masweta!