Kukagua Si Kukosa Adabu: Tunaponunua Simu Iliyotumika



Wapenzi wasomaji, simu leo ndiyo pochi ya mama wa nyumbani, ndiyo daftari lake la chama, na ndiyo njia ya kupokea matumizi kutoka kwa mume aliye Ghuba au mwana aliye Nairobi. Bei ya simu mpya ya kutegemewa imewapita wengi, hivyo hutafuta iliyotumika. Hapana aibu katika hilo. Iliyotumika kwa fedha taslimu ni bora kuliko mpya ya mkopo wa riba. Linalotudhuru ni kuona haya pasipo mahali pake. Mama huoneshwa simu inayong'aa, akaona vibaya kuigeuzageuza mbele ya muuzaji, akalipa akaenda zake.

Amepokea Imam Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akakemea vikali udanganyifu. Hapa muuzaji anajifunza kubainisha kasoro, nasi wanunuzi tunajifunza kwamba kutia mkono ndani ya rundo si kumdhania mtu vibaya.

Tuanze na fedha. Mwenye shilingi 8,000 na atafute simu ya 6,500 au 7,000, kwani kava, kioo cha kinga na pengine chaja vinamngoja mlangoni.

Kisha tujue simu ni ya nani. Piga *#06#, na nambari ya IMEI yenye tarakimu 15 itatokea. Ilingane na iliyo kwenye kasha na itakayoandikwa katika risiti. Anayeuza njiani, hana kasha wala risiti, na bei yake ni ya kushangaza, mwachie simu yake. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14. Kwa muuzaji usiyemfahamu, lipa kwa M-Pesa ili jina lake libaki katika ujumbe wako.

Mali halali nayo huweza kuwa na kufuli. Simu ikifutwa kabla mwenyewe hajaiondoa akaunti yake, huidai akaunti hiyo tena inapowashwa, na asiye na neno la siri hawezi kuitumia. Basi muuzaji aiondoe akaunti yake na kuifuta simu mbele yako, nawe uweke yako kabla ya kulipa. Uliza pia kama ilichukuliwa kwa malipo ya kila siku. Deni lisipokwisha, kampuni huifunga kutoka mbali, hata ikiwa mkononi mwako wewe usiyekopa.

Sasa tutie mkono ndani ya rundo. Itazame simu kwa ubavu: mgongo ulioinuka ni dalili ya betri iliyovimba, nayo ni hatari ya moto; iache. Chomeka chaja uutikise waya kidogo. Chaji ikikatika, tundu limelegea. Shikilia alama ya programu moja, uiburute polepole kioo kizima. Ikiponyoka kila ifikapo mahali pamoja, huenda hapo kioo hakisikii mguso. Tia laini yako, mpigie mtu, msikilizane. Piga picha kwa kamera zote mbili. Mwisho, fungua mipangilio utazame toleo la Android, kwa kuwa simu ya zamani mno, hata ikiwa safi, hufika siku WhatsApp na programu za benki zikaikataa.

Kabla ya kutoka, patana na muuzaji muda wa kuijaribu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wawili huweza kuwekeana sharti la khiari kwa siku zisizozidi tatu. Liandikwe kwenye risiti. Aidha, kasoro iliyokuwapo kabla ya kuuziana, nawe hukuijua, inakupa haki ya kurudisha, lakini urudishe mara tu uigunduapo. Ukiendelea kuitumia kwa wiki mbili huku unajua, umeridhia. Nacho kibandiko cha ukutani kisemacho mali ikiuzwa hairudishwi hakimwondolei muuzaji dhima ya kasoro aliyoijua akaificha.

Limebaki la sitara. Wengi wetu huiuza simu ya zamani ili kuongezea bei ya nyingine, na ndani yake mna picha za mabinti wasiojistiri, za harusi na za ukumbini. Kuzifuta moja moja hakutoshi, kwani huweza kurudishwa. Hamisha unazozitaka, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti, kisha ifute simu yote kutoka kwenye mipangilio. Nawe uliyenunua ukakuta picha za familia ya mtu, usizitazame wala kumwonesha mwenzio. Zifute papo hapo. Zile ni siri za nyumba ya watu. Anayemsitiri Muislamu mwenzake, naye Mwenyezi Mungu atamsitiri.

Wabillahi tawfiq.