Mboya alianzia kozi ambayo wewe unaidharau

Ukitoka Kangemi, ukavuka Waiyaki Way na kushika njia ya Loresho, utatokea Lower Kabete, kwenye chuo ambacho maafisa wa serikali huenda kunolewa. Siku hizi kinaitwa Kenya School of Government. Mwaka wa 1948 paliitwa Jeanes School, na mmoja wa waliojiunga mwaka huo ni kijana aliyekuwa anafikisha miaka 18, aliyekatiza masomo ya sekondari kwa sababu nyumbani hakukuwa na karo. Jina lake Thomas Joseph Mboya.

Sanamu yake pale Moi Avenue unaijua. Pengine umewahi kumwambia mtu, "Tupatane kwa Tom Mboya." Unajua pia kwamba alipigwa risasi karibu na hapo Julai 5, 1969, akiwa waziri wa miaka 38. Stori yake huwa tunaanza kuisimulia huko mwishoni. Leo tunataka uanzie shuleni, hasa wewe ambaye matokeo ya KCSE yalitoka na nyumba nzima ikanyamaza.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 Kilimambogo, kwenye shamba la mkonge la McMillan, ambako baba yake, mtu wa Rusinga, alikuwa ameajiriwa. Mwaka uliofuata, maktaba yenye jina la McMillan huyo huyo ikafunguliwa katikati ya jiji, ile yenye simba wa mawe mlangoni. Ilikuwa ya Wazungu peke yao. Yaani mtoto aliyezaliwa kwenye mkonge wa McMillan hangeweza kuazima hata kitabu kimoja katika maktaba ya McMillan.

Alisomea misheni ya Kabaa huko Ukambani, akaenda St Mary's Yala, kisha 1946 akaingia Mang'u. Njiani akaokota lugha: Kijaluo cha nyumbani, Kikamba, Kikuyu, Kiswahili. Wewe uliyekulia Kangemi, ambako ploti moja ina Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo na Wakamba, unao utajiri huo huo. Baadaye ndio uliomwezesha kusimama mbele ya wafanyakazi wa kila kabila na kueleweka.

Pale Mang'u pesa zikaisha. Wadogo zake pia walihitaji kusoma, na baba hangeweza kulipia wote. Mboya akachagua kozi ya ukaguzi wa afya: mitaro, vyoo, masoko, nyama, maziwa. Si kozi ya kujigamba nayo mtaani. Lakini pale Kabete hakukaa akilia. Aliongoza baraza la wanafunzi, akajizoesha kubishana kwa hoja, na alipohitimu 1950 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi.

Kazini alikuta wakaguzi Wazungu wakilipwa mshahara mnono kuliko Waafrika kwa kazi ile ile. Katika kitabu chake anasimulia jinsi mama mmoja Mzungu alivyoingia ofisini, akaangaza macho, akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwepo hapo hapo mbele yake. Badala ya kununa tu, aliwapanga wenzake kwenye chama cha wafanyakazi. Kufikia 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka wa 1955 akapata udhamini wa kusoma Ruskin College, Oxford, na 1957 wakazi wa Nairobi wakampeleka bungeni.

Sasa tuangalie leo. Katika KCSE ya 2024, zaidi ya watahiniwa 962,000 walifanya mtihani. Waliopata C+ na kuendelea, gredi ya kuingilia chuo kikuu, ni 246,391. Waliobaki ni zaidi ya 700,000. Tukiwaona hao kama yule mama alivyomwona Mboya, kana kwamba hakuna mtu, basi tumejipofusha wenyewe. Mwenye cheti cha ufundi wa mabomba, umeme au afya ya umma ni mtu kamili, na huenda anaujua mtaa kuliko mwenye digrii.

Lakini tusidanganyane. Kuna watu wazima wanaopenda kutumia hadithi kama hii kukwambia, "Jikaze tu, utafika." Mboya mwenyewe hakuamini hivyo. Alijua kipaji bila karo hukwama, kwani yeye kilimkwama Mang'u. Ndiyo maana alizunguka Marekani akitafuta nafasi na pesa. Jackie Robinson, Harry Belafonte, mwana wa wahamiaji wa Jamaica, na Sidney Poitier aliyekulia Bahamas, waliweka sahihi kwenye ombi la mchango. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakapanda ndege. Mwaka uliofuata akafuata msichana aliyemaliza Loreto Limuru. Unamfahamu kwa jina la Wangari Maathai.

Kwa hivyo tuna maneno mawili. Kwa viongozi: basari za kaunti na za NG-CDF zitoke kabla ya muhula kuanza, na orodha ya waliopewa ibandikwe ukutani kila mzazi aisome. Mkopo wa HELB umfikie mwanafunzi wa chuo cha ufundi kwa wakati, si baada ya kufukuzwa darasani. Kumwekea Mboya sanamu na kumnyima karo kijana anayefanana naye ni unafiki.

Kwako wewe: kama umeitwa kwenye kozi ambayo hukuiota, nenda. Isome vizuri, gombea uongozi wa wanafunzi, uliza kwa nini mshahara uko hivyo, na ukipata mlango, uachie wazi kwa anayekuja nyuma yako.