Ng'arisha rimu bila kuumia

Ukiishi Othaya wajua vile matope mekundu ya barabara za majani chai huharibu gari msimu wa mvua. Rimu zikibambuka rangi, waweza kuzitengeneza mwenyewe uani.

Kwanza zijaribu kwa sumaku. Ikinasa, rimu ni ya chuma. Ukiitoa rangi sharti uipake nyingine, la sivyo itashika kutu. Isiponasa, yaelekea ni alumini.

Alumini usiichome kwa moto, kwani joto kali huidhoofisha. Wala usitumie kostiki soda: huitafuna na kutoa hewa inayolipuka. Tumia dawa ya kutolea rangi isiyodhuru alumini, nje penye upepo, ukivaa glavu na miwani. Watoto wakae mbali.

Kisha sugua kwa msasa na maji: nambari 400, 800, hatimaye 1500. Maliza kwa polishi na kitambaa laini.

Ukirudisha magurudumu, kaza nati zinazokabiliana kwa zamu, na uzikaze tena baada ya safari fupi. Milima na kona za Nyeri haziangalii urembo, zinapima nati.