Atakupita Nani?

Kila Januari stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hujaa matranka. Matranka, ndoo, magodoro yaliyokunjwa na kukazwa kwa kamba ya manila, mafagio ya chelewa, majembe yenye mpini mpya. Watoto wa kidato cha kwanza wanakwenda bweni. Mwaka huu nilimsindikiza mpwa wangu, na nikiwa nyuma ya basi nasubiri mzigo wake uingizwe, nikamsikia mama mmoja akimuusia binti yake. Wosia ulianza vizuri: sali, chemsha maji ya kunywa, usitembee na hela yote mfukoni, sukari kula na wenzako usile kwa kujificha. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayefika kwenye jambo lenyewe.

"Ila masomo, mwanangu, kila mtu kivyake. Usikae kumfundisha mtu. Utamfundisha, halafu atakupita."

Binti akaitikia, "Sawa, mama," akapanda basi.

Sina ugomvi na mama yule. Maneno hayo niliyasikia kwa baba yangu, kwa mwalimu wa taaluma na kwa mjomba mwenye shahada mbili, na mimi mwenyewe niliyatii kuliko amri nyingine yoyote niliyopewa utotoni, nitaeleza. Ugomvi wangu ni na imani yenyewe, kwa sababu inatembea mitaani imevaa kanzu ya busara, wakati ni hesabu iliyokosewa tangu mstari wa kwanza.

Tuanze na hiyo hesabu, maana wenye imani hii hupenda kutuona sisi wengine ni watu wa huruma tusiojua kujumlisha. Mtihani wa kidato cha nne hausahihishwi kwa kuwapanga wanafunzi wa darasa lako kwenye foleni. Kuna viwango: alama 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya hapo F. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Yanachukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa, na mwenye 7 hadi 17 ana divisheni wani. Rudia kusoma, unioneshe ni wapi jirani yako wa dawati ametajwa. Hayumo. Darasa la watu hamsini likipata wani wote, ni wani hamsini. A ya mwenzako haivutwi kutoka kwenye A yako kama shuka moja linavyogombewa na watu wawili usiku wa baridi ya Njombe.

Najua nitakavyojibiwa: nafasi za kidato cha tano ni chache, za tahasusi nzuri ni chache zaidi. Ni kweli kabisa. Lakini zinagombewa na nchi nzima. Watahiniwa wa kidato cha nne kwa mwaka sasa wanapita laki tano. Ukimficha notisi jirani yako, umepunguza mshindani mmoja katika laki tano, tena mmoja ambaye ungeweza kumuuliza lile swali la mlinganyo linalokutoa jasho tangu Jumanne. Waliobaki wote bado wapo, na baadhi yao saa hii wako kwenye diskasheni, wanapigana pindi hadi taa zizimwe.

Basi hofu hii inatoka wapi, kama mtihani wa taifa hauijui? Inatoka kwenye ile namba tunayoiandika wenyewe chini ya ripoti: nafasi ya 14 kati ya 52. Hapo, kweli, mwenzako akipanda wewe unashuka. Na mtoto akifika nyumbani hatuulizi umejifunza nini. Tunauliza, "Aliyeshika namba moja ana vichwa viwili?" Mtoto si mjinga. Ameelewa kwamba furaha ya baba yake inategemea kuanguka kwa mtoto wa mtu mwingine, na anaanza kuishi hivyo.

Namba hiyo haiendi popote. Chuo hakiiulizi, mwajiri haiulizi, na ukifika miaka thelathini huikumbuki mwenyewe. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila ile orodha ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, kwa hoja kwamba haina tija. Wengi walinung'unika, wakisema watoto sasa watalala. Hawakulala. Lakini sisi huku chini tumeendelea: ubao wa matangazo wa shule bado una majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho anapita mbele ya jina lake kila akienda kula ugali.

Sasa nieleze nilivyotii.

Nilisoma PCM kwenye shule moja ya bweni, baridi kali, maktaba ndogo. Kitabu cha fizikia tulichokitegemea kilikuwa Nelkon, wanaojua wanajua. Nakala zilikuwa mbili, moja imekatika jalada, kwa watu karibu arobaini. Ile yenye jalada niliiazima wiki ya pili ya muhula na sikuirudisha. Niliiweka chini ya godoro, upande wa ukutani. Kitanda cha juu yangu alilala rafiki yangu. Nilipougua malaria, ni yeye aliyenipeleka zahanati usiku kwa miguu, na siku tatu aliniletea uji kwenye kikombe chake mwenyewe kwa kuwa changu kilikuwa kimeibwa. Wiki moja baadaye akaniuliza kama nimekiona Nelkon. Nikamjibu sijakiona. Nilikuwa nimekikalia.

Hiki ndicho kinachonishangaza hadi leo. Bweni letu halikuwa na watu wabaya. Mtu akiletewa karanga, ziligawiwa kitanda kwa kitanda. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi. Asiyekuwa na shati la Jumapili alivaa la mwenzake. Vitu vinavyokwisha tulivitoa bila kufikiri; kitu pekee ambacho ukikitoa unabaki nacho chote, hicho ndicho tulichokificha. Na wazazi waliotufunza ukarimu wa sukari ndio walewale waliotufunza uchoyo wa daftari, na hawakuona kinyume chochote.

Mtihani ulipokuja, kulikuwa na swali la mwendo wa duara. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma mara nne, picha zake nazijua na doa la chai lililokuwa pembeni nalijua. Swali halikutaka kanuni. Lilitaka ueleze kwa nini. Kalamu ikasimama. Nilikuwa nimekremu. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote jambo lile kwa maneno yangu, kwa hiyo sikuwahi kugundua kwamba silielewi. Anayefundisha hukwama mapema, mbele ya rafiki, siku ambayo kukwama hakuna gharama. Mimi nilikwama siku ya hukumu.

Sidai hili kwa kisa changu peke yake. Mwaka 1982 watafiti watatu wa Marekani, Peter Cohen, James Kulik na Chen-Lin Kulik, walizikusanya tathmini 65 za programu za kufundishana shuleni. Waliofundishwa walifanya vizuri kuliko wenzao wasiofundishwa. Hilo halimshangazi mtu. Linalomhusu yule mama wa stendi ni kwamba wanafunzi waliofundisha nao walipanda katika somo walilolifundisha.

Na kuna kisa cha Austin, Texas. Mwaka 1971 shule za mji ule ziliwachanganya kwa mara ya kwanza watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na kwenye viwanja vya shule zikaanza ngumi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa kusaidia. Hakuandaa mhadhara wa upendo wala hakubandika mabango ya "Tupendane". Alikwenda kukaa darasani, akaona kiini: kila mwalimu akiuliza swali, mikono inainuka, mmoja anapewa nafasi, na wengine wanaomba kimoyomoyo akosee. Basi yeye na wanafunzi wake wakaligawa somo vipande. Kila mtoto katika kikundi akapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana, na mtihani ukahusu vipande vyote. Ghafla yule mtoto wa Kimeksiko mwenye Kiingereza cha kukwama, aliyechekwa wiki iliyopita, alikuwa na kitu ambacho kila mtu alikihitaji. Kumcheka kuligeuka hasara. Wakajifunza kumvumilia, kumuuliza taratibu, kumsikiliza. Baada ya wiki chache watoto wa vikundi hivyo walipendana zaidi, na wale waliokuwa nyuma walipanda kwenye mtihani. Waliokuwa mbele? Walibaki palepale mbele. Hakuna aliyewapita kwa kuwaibia kitu.

Msije mkasema hayo ni ya Wamarekani. Nchi hii iliwahi kuendesha jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu ya mkoloni kwa kulea ubinafsi mahali pa ushirikiano. Likafuata vuguvugu la kisomo. 1970 ukatangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na walimu wa kujitolea, wengi wao wakiwa na darasa la saba tu, wakawafundisha wazazi na majirani chini ya miembe. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima miaka ile ya 1960 ikiisha. Kufikia 1986 hawakufika asilimia 10. Nani alipitwa? Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake kwa kijana wa jirani aliyemaliza darasa la saba. Kijana hakupungukiwa herufi hata moja. Na kabla ya hapo, katika vyuo vya Qur'ani vya pwani, mtoto aliyetangulia juzuu alimsikiliza mdogo wake, na hakuna mwalimu aliyemwonya kwamba mdogo atamaliza msahafu kabla yake.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo wanaokuja diskasheni kama mtu anayekwenda msibani kwa ajili ya pilau: hajasoma, hajaleta swali, anataka kunakili. Wapo. Dawa yake ni kumpa zamu ya kufundisha, kama wale wa Austin, na zamu hiyo huwafukuza kupe haraka kuliko matusi. Wala simtetei anayempa mwenzake chabo kwenye chumba cha mtihani. Anayefanya hivyo amechelewa kumsaidia kwa mwaka mzima, na kama mwaka mzima alimficha daftari, basi lile jibu la kunong'onezwa ni fidia ya aibu.

Lakini wale kupe ni wachache, na sisi tumewatumia kuwafungia mlango wengi. Ingia shule yoyote ya sekondari saa ya prepo uangalie ni nani anakaa na nani. Vipanga wamejifungia chumba cha maabara. Vilaza, hilo ndilo jina lao hata mbele ya walimu, wamekaa nyuma wanachora. Tukitaka kupima wema shuleni tunahesabu nani amegawa biskuti na nani amechangia rambirambi ya mwenzake aliyefiwa. Mlango wa ile maabara hatuuhesabu. Mtoto aliyefukuzwa pale kwa kicheko hatakumbuka biskuti yako. Atakumbuka kwamba aliuliza swali la kidato cha kwanza akiwa kidato cha tatu, watu wakatazamana, na tangu siku hiyo hakuuliza tena swali lolote, kwa mtu yeyote.

Walimu wa taaluma wanaweza kuanza muhula huu bila kusubiri waraka: waifute nafasi kwenye ripoti, wabaki na alama, na chini yake waandike mwanafunzi huyu amemfundisha nani, somo gani. Sisi wazazi tunaweza kuanza leo jioni. Badala ya vichwa viwili vya namba moja, tuulize, "Leo ulimweleza nani nini?" Mpwa wangu nilimuuliza hivyo kwa simu wiki iliyopita. Akanyamaza, kisha akasema yeye ndiye anayeelezwa, na mwenye kumweleza ni binti waliyekaa naye siti moja kwenye basi. Sikumuuliza kama binti huyo mama yake alimsindikiza hadi Mbezi. Nilitamani sana, lakini vocha ilikuwa inaisha.

Ama ile Nelkon, niliirudisha wiki tunayoondoka, baada ya pepa la mwisho. Mtunza maktaba, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliipokea bila kunikemea. Aliifungua mwanzo, akaona alama zangu za kalamu, akafungua katikati, akafungua nyuma. Kurasa za nyuma zilikuwa nyeupe, zimeshikana kwa unyevunyevu wa ukuta. Akazitenganisha kwa kidole, moja baada ya nyingine, akanitazama juu ya miwani.

"Hiki," akasema, "mbona hakijasomwa?"